Mashine Haijafa, Bonyeza F12

Mpwa wangu alibisha hodi saa mbili usiku, mfuko mkononi, macho mekundu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kulikoni usiku huu?"

Hakujibu. Alitoa laptopu mfukoni, akaiweka mezani, akachomeka chaja, akaiwasha. Ilikuwa Dell Latitude E6420, mashine nzito ya mwaka 2011 ambayo kaka yake aliinunua ikiwa imeshatumika, akaitumia mpaka alipopata kazi, kisha akamwachia mdogo wake. Feni ikavuma. Taa zikawaka. Nembo ikapita. Halafu kioo kikabaki cheusi, na juu yake mstari mmoja mweupe wa Kiingereza ukisema kwamba mfumo endeshi haukuonekana.

Humo ndani ilikuwamo ripoti yake ya utafiti ya mwaka wa mwisho, kurasa sitini na zaidi, pamoja na majibu ya dodoso aliyoyakusanya kwa miguu, kijiji kwa kijiji, kwenye jua. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Alikuwa ametoka kwa fundi mmoja mjini, ambaye aliiwasha mara moja, akatikisa kichwa, akamwambia mashine imekufa: amwachie kwa bei ya spea, ajipange kununua nyingine.

Nilimuuliza maswali matatu tu. Feni inazunguka? Inazunguka. Kioo kinaonyesha maandishi? Kinaonyesha. Kibodi inaitika ukibonyeza? Inaitika.

"Sasa mwanangu," nikamwambia, "hapo aliyekufa ni nani?"

Swali hilo nataka ulichukue wewe unayesoma, ukaliulize mbele ya kila laptopu iliyolala juu ya kabati nyumbani kwenu, ofisini kwenu, kwenye stoo ya shule yenu. Kompyuta inayokuandikia kwamba haioni mfumo ni kompyuta iliyo macho. Imeamka, imeikagua memori yake, imekiwasha kioo, imeikuta kibodi mahali pake, ndipo ilipofika kwenye diski ikakuta hapasomeki. Ikakwambia. Maiti haisemi.

Elewa jambo hili vizuri, maana ukilielewa hakuna atakayekuuzia woga tena. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, anayeamka kwanza si Windows. Anayeamka kwanza ni programu ndogo iliyo ndani ya ubao wa mashine wenyewe, ile inayoitwa BIOS kwenye mashine za zamani na UEFI kwenye mpya. Kazi yake ni kuamsha viungo kimoja kimoja, kisha kutafuta mahali penye mfumo endeshi ili iukabidhi usukani. Kwa kawaida hutafuta kwenye diski ya ndani kwa sababu ndivyo ilivyoelekezwa. Lakini haijafungwa ndoa na diski hiyo. Ukiiambia itazame kwenye USB, itatazama kwenye USB. Ikiukuta mfumo huko, itauwasha kana kwamba diski ya ndani haijawahi kuwapo.

Jiko ni zima, mkaa upo, mpishi yupo. Ghala ndilo lililofungwa. Kwa nini ubomoe nyumba, wakati unaweza kuingiza unga kwa mlango wa nyuma?

Na mara nyingi ghala ndilo hutangulia kuharibika. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka, nyingi za laptopu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Sasa kiweke kitu hicho ndani ya begi, begi ndani ya daladala, daladala kwenye barabara yenye makorongo, miaka kumi mfululizo. Kiongezee kukatika kwa umeme katikati ya kazi. Prosesa haina kinachozunguka. Memori haina kinachozunguka. Kiungo kinachochoka kwanza mara nyingi ni diski, na diski ni kiungo kimoja tu, chenye skrubu chache, kinachotoka na kuingia.

Usiku ule nilikuwa na flashi ya GB 16 niliyokwisha kuitengeneza, ndani yake mfumo endeshi wa Linux Mint. Niliichomeka ubavuni mwa ile Dell, nikaizima mashine, nikamwambia mpwa wangu aiwashe mwenyewe na agonge kitufe cha F12 mfululizo mara tu nembo itakapotokea. Sikutaka kumfanyia. Nilitaka kidole kiwe chake. Menyu fupi ikaja, akashuka kwa mshale mpaka kwenye mstari wa USB, akabonyeza Enter.

Kisha tukangoja. Matundu ya USB ya mashine ile ni ya kizazi cha pili, cha mwaka 2000, ambacho hata kwenye karatasi hakivuki megabiti 480 kwa sekunde, na kwa vitendo kinapitisha kiasi cha megabaiti 30 hivi. Si mwendo wa kujivunia. Dakika moja ilipita, ya pili ikaanza. Binti alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ghafla kioo kikafunguka: picha ya nyuma, upau chini, saa pembeni, kishale kinachotembea. Mashine iliyotangazwa msiba saa kumi jioni ilikuwa inamsubiri aseme anataka nini.

Tulifungua diski ya ndani kama mtu anavyofungua kabati. Ilikuwa inagonga, tik, tik, na folda nyingine zilichukua muda kuonekana, lakini zilionekana. Ripoti ilikuwapo. Majibu ya dodoso yalikuwapo. Akayanakili kwenye flashi ya pili, akajitumia nakala kwa barua pepe, akakaa chini sakafuni akalia. Nilimwacha alie. Ni haki yake.

Angalia kilichotokea hapo. Hatukununua kitu. Hatukufungua hata skrubu moja. Hatukugusa wala kubadilisha chochote kwenye diski yake, kwa sababu mfumo unaowashwa kutoka kwenye flashi kwa namna hiyo unaishi kwenye memori, na hauandiki kwenye diski ya ndani mpaka wewe mwenyewe uuamuru. Ukizima na kuchomoa flashi, mashine inabaki kama ilivyokuwa. Hii ndiyo sababu nakusihi uifanye njia hii kuwa ya kwanza, kabla hujamruhusu mtu yeyote "akupigie Windows upya". Kupiga Windows upya juu ya diski yenye kazi zako ni kuchimba msingi juu ya kaburi la mali yako. Okoa kwanza. Mengine yatafuata.

Na si diski mbovu tu inayozipeleka mashine hizi kabatini. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, inataka kwa kawaida prosesa za kizazi cha nane kuendelea, yaani zile zilizoanza kutoka 2017. Maana yake ni nini kwetu? Maana yake ni kwamba zile ThinkPad, EliteBook na Latitude zilizojaa kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue, zilizosomesha watoto wetu, zilizochapa barua za vikundi vya akina mama na mahesabu ya maduka ya mitaani, nyingi zimeambiwa rasmi kwamba muda wao umekwisha. Prosesa zake bado zinahesabu. Vioo vyake bado vinang'aa. Kilichokwisha ni makubaliano ya karatasi.

Na dunia imezoea kutii karatasi hizo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotoka 2024 inasema kwamba mwaka 2022 peke yake dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mimi sitaki laptopu yako iingie kwenye tani hizo wakati ina miaka mitano ya kazi mbele yake. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wako uko juu ya kabati. Utoe.

Najua unachokifikiri. Unafikiri haya ni mambo ya wataalamu. Ngoja nikuambie yalikotoka, uone kama walioyaanzisha walisubiri kuitwa wataalamu.

Linux ilianzishwa na mwanafunzi. Agosti 1991, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujipendea tu, akaugawa bure. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper akatoa Knoppix, mfumo uliowaka wote kutoka kwenye CD bila kugusa diski, na ukawa mkoba wa fundi ulimwenguni. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia akaanza Puppy, mdogo kiasi kwamba unaingia wote ndani ya memori ya kompyuta nzee na kukimbia humo. Mwaka uliofuata Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa mfumo akaupa jina la Kiafrika, Ubuntu. Mswahili hahitaji kutafsiriwa neno hilo, ni utu. Kwa miaka kadhaa walituma hata CD za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba.

Na mwaka huohuo wa 2004, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wa mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia na ya mahesabu iliyozungumza Kiswahili, bure. Nalitaja hili kwa makusudi. Mtu akikuambia mambo haya si ya kwetu, mwambie yalishakuwa ya kwetu zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Basi acha kuogopa, tuingie kazini.

Unahitaji flashi moja, GB 8 au zaidi, ambayo uko tayari kila kilichomo kifutike. Nasema kifutike, kwa sababu kitafutika. Unahitaji faili la mfumo lenye mwisho wa ISO, ulilolipakua kwenye tovuti ya wenyewe, si kwa mtu wa kati. Kama mashine ina memori ya GB 4, chukua Linux Mint. Faili lake ni karibu GB 3, lipakue kwa bando la usiku. Kama ina GB 2 au chini ya hapo, au bando linakubana, chukua antiX au Puppy. Kama ni ya zamani kabisa, ya biti 32, mifumo mikubwa mingi imeshaitupa mkono, lakini antiX bado inaikumbuka. Kisha unahitaji programu ya kuandika faili hilo kwenye flashi: Rufus kama unatumia Windows, au balenaEtcher kwenye Windows, Mac au Linux. Kunakili faili kama unavyonakili wimbo hakutoshi. Lazima liandikwe na programu ili flashi iweze kuwasha. Na kabla hujabonyeza kuandika, soma jina la kifaa mara mbili. Nimeona mtu akichagua diski yake ya nje yenye picha za harusi badala ya flashi. Kosa hilo halirudi nyuma.

"Mimi sina kompyuta nyingine ya kutengenezea hiyo flashi." Nimelisikia hili mara nyingi, na wengi wanalitumia kama mlango wa kutokea. Leo naufunga. Una simu ya Android? Ipo programu ya bure inaitwa EtchDroid. Pakua faili la ISO kwenye simu, chomeka flashi kwenye simu kwa kile kiunganishi kidogo cha OTG kinachouzwa kwenye vibanda vya vifaa vya simu, na simu yako itaiandika flashi hiyo. Simu unayoitumia kutazama vichekesho ina uwezo wa kufufua kompyuta. Itume kazi.

Kisha kitufe. Dell na ThinkPad ni F12. HP bonyeza Esc au F9. Toshiba F12. Asus jaribu Esc. Acer ni F12 pia, ila nyingi zinataka kwanza uingie kwenye mipangilio ya BIOS uruhusu menyu hiyo. Mac za Intel, shikilia kitufe cha Option tangu unapowasha. Gonga mapema, gonga mfululizo, usingoje Windows ianze. Ukikosa mara ya kwanza, zima urudie. Hakuna anayepata cheti kwa kuwahi.

Kikwazo kimoja kidogo kinawarudisha wengi nyuma wakiwa wamebakiza hatua moja, nami sitaki kikurudishe. Mashine iliyokaa miaka mingi, betri yake ya saa, ile ya duara kama sarafu ndani ya ubao, huwa imekwisha. Ikiisha, mashine husahau tarehe na hujiona iko miaka mingi nyuma. Mfumo utawaka vizuri, lakini ukifungua kivinjari, kila tovuti itagoma na kukutisha kwamba si salama. Si virusi. Si intaneti mbovu. Ni tarehe. Rekebisha tarehe na tovuti zitafunguka. Ukipata nafasi, badilisha betri hiyo, aina yake kwa kawaida ni CR2032 na bei yake ni ndogo. Wi-Fi nayo ikigoma, kwa kuwa kadi fulani za zamani zinahitaji draiva ambayo haikuwekwa ndani ya flashi, unganisha simu kwa kebo na ugawe intaneti kupitia USB. Itashika papo hapo, kisha utapakua draiva kwa utulivu.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Flashi ni ya kuokolea. Ya kuishi nayo ni diski ya nje.

Mpwa wangu hakuwa na fedha ya laptopu mpya, na mimi pia sikuwa nayo. Baada ya ile Ijumaa, alijinyima wiki kadhaa akanunua SSD ndogo, ile diski isiyo na sahani, na kasha lake la USB. Jumamosi tukakaa. Jambo la kwanza tulilofanya ni kuitoa diski ya ndani. Kwenye E6420 ni skrubu mbili chini, kisha unaivuta diski kwa ubavu inatoka na kishikio chake. Tuliitoa kwa sababu mbili. Ilikuwa mgonjwa, na kila mara mashine ilipojaribu kuisoma, kila kitu kiliganda. Na sababu ya pili ni ya kiufundi, nakuomba uishike: unapopiga Linux kwenye diski ya nje huku ya ndani ikiwa imo, visimikaji vingine huiweka ile programu ndogo ya kuwashia kwenye diski ya ndani bila wewe kugundua. Siku ukiichomoa ya nje, mashine inachanganyikiwa. Ukiipeleka ya nje kwa mashine nyingine, haiwaki. Ukiitoa ya ndani kwanza, hakuna pa kukosea. Diski ni moja, mfumo ni mmoja, kila kitu kinakaa mahali pake.

Tukachomeka flashi tundu moja, SSD tundu jingine, tukawasha kutoka kwenye flashi, tukabonyeza kusimika, tukachagua SSD. Tukanywa chai. Tulipomaliza kikombe cha pili, tulichomoa flashi, tukawasha upya.

Ilikuwa nyepesi kuliko siku iliponunuliwa. Na hapa nataka uelewe kwa nini, maana watu hudhani natia chumvi. Diski ya sahani inapotafuta vitu vidogovidogo vilivyotawanyika, kichwa chake kinapaswa kuruka na kungoja sahani ifike, na kila mruko unakula zaidi ya milisekunde kumi. Kwa sekunde moja haivuki mia ya miruko hiyo. Kuwasha mfumo ni maelfu ya miruko ya namna hiyo. SSD haina cha kuruka wala cha kungojwa. Kwa hiyo hata ikipitia tundu la zamani la USB lenye mwendo mdogo, bado inaipita ile diski ya sahani kwa kazi za kila siku. Laptopu yako haikuwa mzee aliyechoka. Ilikuwa kijana aliyefungwa jiwe mguuni.

Kama diski yako ya nje ni ya sahani, kuwa macho na umeme. Tundu la USB la kizazi cha pili linatoa miliampia 500, na diski nyingine zinataka zaidi ya hapo wakati wa kuanza kuzunguka. Ikiwa inagonga na kuzimika, usiilaumu. Tafuta kebo yenye vichwa viwili, uchomeke matundu mawili kwa pamoja. SSD kwa kawaida haina njaa hiyo. Na kama betri ya laptopu imekufa, umeme ukikatika mashine inazima papo hapo, kwa hiyo hifadhi kazi yako kila baada ya aya, si kila baada ya saa.

Siwezi kukudanganya kwamba kila kitu kitawezekana. Ubao ukiungua, hakuna flashi itakayoufufua. Windows ikiwa ilifunga diski kwa BitLocker, hutasoma mafaili yako bila ule ufunguo wa kurejesha, basi kautafute kwenye akaunti yako ya Microsoft leo, ukiwa mzima wa afya. Programu nyingine za usanifu na za uhasibu zimetengenezwa kwa Windows tu, na uhariri mzito wa video utaichosha mashine ya 2011 kwa mfumo wowote. Lakini niambie ukweli: ni mara ngapi kwa mwaka unahariri filamu? Na ni mara ngapi unaandika barua, unapanga mahesabu, unasoma PDF, unatuma maombi ya kazi, unafuata somo mtandaoni? Kazi za mkate wako wa kila siku, mashine ile inaziweza zote.

Mpwa wangu aliitumia hivyo mpaka akahitimu. Umeme ulipokatika mtaani kwao, alichomoa SSD yake, akaitia mfukoni, akaenda kwa rafiki yake mwenye umeme, akaomba ruhusa, akawasha kompyuta ya rafiki kutoka kwenye diski yake. Kazi zake zilikuwapo, programu zake zilikuwapo, hata picha ya nyuma ya bibi yake ilikuwapo. Alipomaliza alichomoa, na kompyuta ya rafiki haikubaki na hata herufi moja yake. Msichana ambaye fundi alimwambia hana kompyuta alikuwa anatembea na kompyuta mfukoni.

Nawageukia walimu wenzangu. Mimi nafundisha sekondari, na najua chumba kile kilivyo. Kompyuta zilizoletwa kwa sherehe na picha, sasa zimefunikwa vitambaa, ufunguo uko kwa mkuu wa shule, na mtoto anajifunza sehemu za kompyuta kwa mchoro wa ubaoni. Kidato cha nne kinaingia kwenye mtihani hakijawahi kushika kipanya. Ukiuliza, unaambiwa zimekufa, tunasubiri mradi. Shuleni kwetu tulisubiri pia. Siku moja nikaomba ufunguo, nikachukua wanafunzi sita na flashi mbili, tukaanza kupita meza moja baada ya nyingine. Nyingi ziliwaka. Zilizogoma tuliwapa watoto wazifungue, wazitoe vumbi, wabadilishane memori kati ya moja na nyingine, na katika hizo pia baadhi ziliwaka. Sitasahau uso wa mtoto wa kidato cha pili alipoona kompyuta aliyoipangusa kwa mikono yake inamwandikia karibu. Hakuna semina ya kuhamasisha inayoweza kumpa mtoto kitu kile. Amejifunza kwamba neno "imekufa" likitamkwa na mkubwa, bado anaweza kwenda kuhakikisha.

Mwalimu, omba ruhusa, omba ufunguo. Hukuhitaji mradi kufuta ubao, na hata kwa hili huhitaji mradi.

Nawe mama mwenye steshenari, kabla hujaikopea fedha mashine mpya, jaribu hii ya zamani kwa jioni moja. Nawe kijana unayesema ungejifunza kuandika programu kama ungekuwa na kompyuta: Linux Mint inakuja na Python ndani yake tayari. Ukishawasha, fungua dirisha la amri, andika mstari wako wa kwanza usiku huohuo. Nawe kaka uliyeko Muscat, Minneapolis au London, unayepanga kutuma laptopu nyumbani: tuma, Mungu akubariki, lakini wapigie kwanza uwaulize ile ya zamani iko wapi, na ndani ya mzigo tia SSD moja na kasha lake.

Leo jioni, ukitoka kazini, usiwashe televisheni kwanza. Panda kwenye kiti, ishushe ile laptopu kutoka juu ya kabati. Ipanguse. Tafuta chaja yake, najua iko kwenye lile boksi la nyaya. Ichomeke, iwashe, sikiliza feni. Ukisikia inavuma, chomeka flashi, uweke kidole juu ya F12.